Kampuni inataka kununuliwa nzima: hisa za marehemu baba tuuze sasa au tusubiri ofa?

Barua

Assalaam alaykum wahariri wa safu ya pesa na mali,

Mimi ni msomaji wenu wa Wete, Pemba. Marehemu baba yetu ametuachia hisa 4,800 za kampuni ya vifaa vya ujenzi iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Alizinunua zamani kwa shilingi 500 kila moja. Warithi ni mama yetu, ndugu wawili wanaume na sisi wanawake watatu. Mpaka leo hisa ziko kwa jina lake.

Mwezi uliopita kampuni ilitangaza gazetini kwamba mwanahisa wake mkuu, mwenye asilimia 61, yuko kwenye mazungumzo na kampuni nyingine inayotaka kununua, na kwamba wanahisa wawe na tahadhari wanapouza au kununua. Bei haikutajwa. Kwenye magrupu ya WhatsApp inasemwa ni 2,600. Kabla ya tangazo hisa ilikuwa 1,900, sasa imefika 2,350.

Nyumbani hatusikilizani. Kaka mkubwa amempata mtu Chake Chake anayenunua kwa 2,100 taslimu na makaratasi yote atashughulikia yeye. Sisi tutie saini na tumpe cheti cha hisa, basi. Ami anasema tusiuze chini ya 4,000, kampuni ina ardhi kubwa na wenye pesa watapandisha tu. Mama anataka fungu lake mapema kwani ana nyumba ya kuezeka kabla ya masika.

Ripoti ya mwaka ya kampuni nimeipata. Hisa zote ni milioni 60. Faida baada ya kodi kwa miaka mitatu ni bilioni 15, bilioni 9.6 na bilioni 12. Mtaji wa wanahisa ni bilioni 108. Gawio la mwisho ni shilingi 90 kwa hisa, na halijatufikia. Tarakimu ninazo, ila sijui nizifanyie nini. Bei ya 2,600 ni ya haki au tunapunjwa? Na tukikataa kuuza itakuwaje?

Mrithi, Wete

Jibu

Waalaykumu ssalaam, bibi. Mungu amrehemu mzee wenu.

Tuanze na mtu wa Chake Chake, maana yeye anaweza kukutieni hasarani wiki hii hii, na hayo mengine yana nafasi. Hisa za kampuni iliyoorodheshwa haziuzwi barazani. Huuzwa kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, yaani CMSA, ndani ya mfumo wa Soko la Hisa, na pesa humfikia mwenye jina kwenye daftari. Mwenye jina hapa ni marehemu. Kaka yenu hawezi kuuza hata hisa moja kabla ya mirathi, na baada ya mirathi atauza lililo lake. Huyo mnunuzi bila shaka anayajua hayo. Anachotaka ni kushika cheti na saini zenu sasa, kisha akungojeeni nyinyi mhangaike na mirathi huku bei ikipanda upande wake. Ikishuka, mtamtafuta msimpate.

Na hata angekuwa mkweli, hesabu yake ni mbovu. Hisa 4,800 kwa 2,100 ni shilingi 10,080,000. Kwa bei ya soko ya 2,350 ni 11,280,000. Toeni ada ya dalali, ya soko na VAT, tuseme asilimia 2.4 kwa jumla (muulizeni dalali kiwango chake kamili kabla hamjatoa agizo), mnabaki na 11,009,280. Mnamlipa basi shilingi 929,280 kwa kazi ya makaratasi ambayo ni safari chache za gari na kusubiri kwenye mabenchi. Mwambieni kaka, kwa adabu, cheti kisitoke ndani.

Sasa makaratasi yenyewe. Hili hasa ndilo linalowakosesha watu ofa, kuliko hata bei. Ofa ya kununua kampuni huwa na siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa, na fomu iliyojazwa kwa jina la marehemu hairudi na pesa, hurudi na barua. Mirathi ikichukua miezi mitatu na ofa ikidumu wiki chache, mtaitazama inapita. Kwa hiyo mirathi ianze leo, msingoje bei itajwe.

Mnahitaji cheti cha kifo, vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi vya warithi wote, na uthibitisho wa sheha kwamba warithi ni hao. Mnaanzia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahakama ya Kadhi. Hakikisheni kwamba kwenye orodha ya mali ya marehemu hizo hisa zimetajwa kwa jina la kampuni, idadi na namba ya akaunti yake ya CDS (akaunti ya hisa kwenye mfumo wa soko) kama anayo. Mara nyingi warithi huandika nyumba, shamba la karafuu na ng'ombe, hisa zikasahauliwa, halafu ikabidi kurudi upya kwa jambo moja tu. Mkishapata hati ya mgawanyo, kila mrithi afungue akaunti yake ya CDS kwa dalali, naye dalali atapeleka maombi ya kuhamisha hisa kwa kampuni ya soko inayotunza daftari, CSDR. Uhamisho wa urithi si mauzo, kwa hiyo haupitii bei ya soko.

Hisabu yenu kwa bahati ni nyepesi. Mama, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, anachukua thumni, yaani moja ya nane, hisa 600. Zinabaki 4,200. Wanaume wawili na wanawake watatu ni mafungu saba ya hisa 600, kwa hiyo kila ndugu mwanamme anapata 1,200 na kila mwanamke 600. Kadhi ndiye wa kuthibitisha, pengine kuna deni au wasia unaotangulia, lakini kazi ianzie hapo.

Kinachokwamisha mambo ni jina. Daftari la zamani lilijazwa Dar es Salaam, na karani wa Bara akisikia Khamis anaandika Hamisi. Fatma anakuwa Fatuma, na jina la babu linaachwa au linafanywa herufi moja yenye nukta. Mfumo wa kompyuta haujui kwamba ni mtu yuleyule. Linganisheni jina lililo kwenye cheti cha hisa, cheti cha kifo na kitambulisho cha marehemu, herufi kwa herufi. Mkikuta tofauti, pateni hati ya kiapo kwa wakili au hakimu inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na muifanye mapema, kabla dalali hajairudisha faili. Angalieni pia akaunti ya benki iliyoandikwa kwenye daftari. Ikiwa ni ile ya marehemu, ndiyo sababu gawio halikufikieni: 90 mara 4,800 ni 432,000, toa asilimia 5 ya kodi ya zuio kwa kampuni iliyoorodheshwa, zinabaki 410,400 ambazo ni zenu na zimekaa mahali. Ulizeni na magawio ya miaka ya nyuma.

Tuje kwenye bei.

Mlichonacho mkononi si ofa. Ni tangazo la tahadhari: watu wawili wanazungumza. Hiyo 2,600 ni maneno ya WhatsApp, na kila tutakalolisema chini kuhusu 2,600 lihesabiwe kuwa la mfano. Ofa ni pale mnunuzi anapotangaza hadharani bei, masharti na tarehe, kisha waraka wa ofa ukafika kwa wanahisa, nayo bodi ya kampuni ikatoa maoni yake pamoja na ya mshauri huru. Kanuni za CMSA za mwaka 2006 kuhusu ununuzi wa kampuni zimewekwa ili mtu asichukue usukani kwa kulipana na mkubwa peke yake na wadogo wakaachwa gizani. Waraka ukifika, cha kwanza kutafuta ndani yake ni bei aliyokubaliana na huyo mwenye asilimia 61, na kama kuna malipo mengine anayopewa pembeni, mfano mkataba wa usimamizi au deni linalolipwa. Bei ya wadogo ikiwa chini ya hiyo, hapo mna haki ya kupiga kelele CMSA.

Hisa si karafuu, hakuna bei ya ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, iliyobandikwa ukutani. Kuna bei tatu ambazo lazima mzishike kwa pamoja: ya mpango ukitimia, ya mpango ukivunjika, na thamani ya kubaki ndani na mwenye kampuni mpya. Wengi wanailinganisha ofa na bei ya leo tu. Bei ya leo imeshapandishwa na hiyo hiyo habari ya ofa, kwa hiyo haiwezi kuwa kipimo.

Kipimeni kwa bei ya kabla ya tangazo. Kutoka 1,900 mpaka 2,600 ni ongezeko la asilimia 37, ambalo kwa kutazama juu juu ni zuri. Lakini 1,900 yenyewe ichunguzeni. Soko letu la Dar es Salaam kwa hisa nyingi ni jembamba. Kuna siku zinauzwa hisa 150 tu na bei ya mwisho ikaandikwa kwa hizo. Chukueni taarifa za soko za siku 60 kabla ya tangazo, zidisheni kila bei kwa idadi ya hisa zilizouzwa, jumlisheni, gawanyeni kwa hisa zote. Mfano wa siku moja: hisa 9,000 zimeuzwa kwa 2,300, kisha jioni 150 kwa 2,400. Gazetini huenda mkasoma 2,400. Wastani wa kweli ni 2,302. Mkikuta wastani wenu wa siku 60 ni 2,050, basi ongezeko si asilimia 37, ni 27. Mazungumzo ya 2,600 hapo yanabadilika.

Halafu faida. Gawanyeni kwa hisa milioni 60: miaka mitatu inatoa 250, 160 na 200 kwa hisa, wastani 203. Msitumie mwaka mmoja kwa kampuni ya vifaa vya ujenzi, kwani faida yake inapanda na kushuka na makaa, umeme na miradi ya Serikali. 2,600 kugawanya kwa 203 ni karibu 12.8, maana yake mnunuzi analipa faida ya miaka kumi na tatu kasoro. Kwa faida ya mwaka mzuri wa 250 analipa miaka 10.4 tu. Hapo ndipo pa kuuliza: ule mwaka wa 160 ulikuwa na sababu gani? Tanuri lilisimama kwa matengenezo? Hasara ya fedha za kigeni kwenye mkopo wa dola? Ikiwa sababu ilikuwa ya mara moja na imeshapita, wastani wa 203 unaionea kampuni, na mnunuzi kaja wakati mzuri kwake. Majibu yako kwenye maelezo ya nyuma ya hesabu, yale yenye namba ndogo ambayo watu wanayaruka.

Mtaji wa wanahisa, yaani mali za kampuni ukitoa madeni, bilioni 108 kwa milioni 60, ni 1,800 kwa hisa. Ofa ni mara 1.44 yake. Hapa ami ana hoja, tusimcheke. Ardhi iliyonunuliwa zamani huenda imeandikwa kwenye hesabu kwa bei ya zamani. Tafuteni sehemu ya mali zisizohamishika muone kama ilithaminiwa upya na mwaka gani. Ila ardhi yenye kiwanda juu yake si ya kuuzwa kesho. Mnunuzi anailipia kwa faida inayotoka hapo, wala halipi bei ya viwanja. Tungeongeza kidogo kwa ajili yake, si kuizidisha.

Ili 4,000 ya ami isimame, mnunuzi angekuwa analipa karibu mara 20 ya wastani wa faida na mara 2.2 ya mtaji. Hatuoni kwenye tarakimu ulizotuletea kitu kinachoibeba. Kati ya 2,500 na 2,900 tungeiita bei inayozungumzika. Chini ya 2,300 tungeikataa bila kusita. Na zile 500 alizonunulia mzee ziondoeni kichwani, hazina kazi yoyote katika uamuzi huu, iwe kwa kufurahia au kwa kujuta.

Sasa kusubiri kuna bei gani? Tufanye ofa ya 2,600 inakuja, lakini pesa mnazipata baada ya mwaka. Kama pesa zenu mahali pengine, tuseme akaunti ya uwekezaji ya PBZ Ikhlas, zingepata asilimia 8 kwa mwaka, basi 2,600 ya mwakani ni sawa na 2,407 ya leo. Mnazidi bei ya soko kwa shilingi 57 tu kwa hisa, au 273,600 kwa hisa zote, ongezeni na gawio la mwaka mmoja. Upande wa pili, mpango ukivunjika na hisa ikarudi 1,900, mnapoteza 450 kwa hisa, yaani 2,160,000. Ukitia na gawio pande zote mbili, kusubiri kunalipa ikiwa mnaamini mpango utatimia angalau mara tatu katika nne. Ukija ndani ya miezi minne hesabu inageuka kwa faida yenu. Muda, kwa hiyo, ni sehemu ya bei.

Na muda unategemea sana mnunuzi ni nani. Kama ni kampuni inayotengeneza bidhaa ileile, jihadharini. Sheria ya Ushindani ya Bara ya mwaka 2003 inazuia muungano unaomfanya mtu atawale soko, na mpaka wa kutawala kwa miaka mingi ulikuwa kuzidi asilimia 35. Saruji ya Tanga ni somo la karibu. Oktoba 2021 Scancem, ya kundi la Heidelberg ambalo tayari lilikuwa na saruji ya Twiga, ilitangaza kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement kutoka AfriSam. Tume ya Ushindani iliruhusu, lakini Septemba 2022 Baraza la Ushindani likabatilisha, na jambo likaja kumalizika mwishoni mwa 2023. Miaka miwili. Mwenye hisa aliyehesabu kulipwa ndani ya miezi michache alikaa na roho juu muda wote huo. Kampuni yenu imesajiliwa Bara, kwa hiyo tume ya kuitazama kwanza ni ya huko, hata kama mabati na saruji yanauzwa hadi Konde.

Matumaini ya ami kwamba "watapandisha" nayo yana mpaka wake. Kenya mwaka 2024, Amsons ya hapa Tanzania ilitoa shilingi za Kenya 65 kwa hisa ya Bamburi Cement, iliyokuwa ikiuzwa kama 45. Akaja Savannah Clinker na 70. Mtu angesema bei kubwa ndiyo inashinda. Lakini Holcim, mwenye asilimia 58.6, alikwishajifunga na Amsons, Savannah akajitoa kabla ya mwisho, na Amsons akamaliza na zaidi ya asilimia 96. Mwanahisa mkuu akishafunga mkono, mshindani wa pili hana anachokinunua. Kwenu kuna asilimia 61 mkono mmoja. Waraka ukisema ameshaahidi kuuza bila kurudi nyuma, vita ya bei msiitegemee. Ukiwa haujasema hivyo, kuna nafasi ndogo ya kupandishwa.

Umeuliza mkikataa itakuwaje. Kuna njia tatu hapa, na hakuna kati yake inayofanana na leo. Mnunuzi akipata asilimia 90 ya hisa alizotaka kununua, Sheria ya Kampuni ya Bara ya mwaka 2002 inamruhusu kuzichukua zilizobaki kwa masharti ya ofa ileile, na asiyeridhika aende mahakamani. Kwa hisa 600 wakili atazimaliza zote. Akipata chini ya hapo kampuni inaweza kubaki sokoni, lakini hisa zilizo nje zitakuwa chache na siku mkitaka kuuza mnunuzi hayupo. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: kampuni kuondolewa sokoni nyinyi mkiwa ndani. Leo faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa mkaazi kama nyinyi, haitozwi kodi ya mapato. Ikishaondolewa, faida hiyo inatozwa asilimia 10 na kodi ya gawio inatoka 5 kwenda 10. Mkiuza kwa 2,600 hisa iliyonunuliwa 500, hiyo ni 210 imekwenda TRA kwa kila hisa, na bei mtapangiwa na mnunuzi mmoja. Someni kwenye waraka sehemu ya "nia ya mnunuzi baada ya ofa". Neno la kuondoa kampuni sokoni likiwemo, kubaki ndani tusingekushaurini hata kama bei imekukereni.

Mirathi ikishagawanywa hakuna ulazima wa nyumba nzima kuamua jambo moja, na hili huenda likaleta amani kuliko hesabu zote hizi. Mama auze hisa zake 600 sokoni mara zinapoingia kwa jina lake, kama bei bado iko karibu na 2,350. Ana matumizi yenye tarehe, na mwenye matumizi yenye tarehe hasubiri tume. Atapata karibu 1,376,000 baada ya ada. Atoe agizo lenye kikomo cha bei, mfano 2,340, asiseme "uza kwa bei ya soko", maana siku ya soko jembamba agizo la hivyo linaweza kuteremka mpaka 2,200 kwa mnunuzi mmoja mwerevu. Nyinyi watoto, kama hamna shida ya haraka, tungeuza theluthi sasa na kusubiri waraka kwa zilizobaki. Waraka ukija na 2,500 au zaidi, mnunuzi si mshindani wa moja kwa moja, na mkubwa ameshajifunga, kubalini. Ukija na mnunuzi wa bidhaa ileile, tungeuza sokoni wakati wengine wanashangilia tangazo, kwa kuwa siku hizo ndizo zenye wanunuzi.

Fomu ya kukubali ofa ikifika, yaangalieni haya kabla ya saini. Je, malipo yanatoka siku ngapi baada ya kufungwa? Ada ya dalali analipa nani? Mkikubali mapema na bei ikapandishwa baadaye, mtapewa ile ya juu? Mnaweza kujitoa, na mpaka lini? Gawio likitangazwa katikati ni lenu au linakatwa kwenye bei? Ofa ni ya hisa zote au sehemu? Mwaka 2023 Diageo ilipotoa shilingi za Kenya 192 kwa hisa za kampuni ya bia ya EABL lengo lake lilikuwa kufika asilimia 65 tu na si zaidi. Katika ofa ya namna hiyo wakijitokeza wauzaji wengi kila mmoja hununuliwa sehemu tu ya hisa alizoleta, na unarudi nyumbani na baki ya hisa ambazo bei yake huenda imeshashuka. Fomu ipelekeni kwa dalali wiki moja kabla ya siku ya mwisho, mchukue nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Namba ya akaunti ya benki iandikwe iliyo hai. Kama haijatumika muda mrefu, mtu aende tawini Wete aiamshe kwanza.